Kanzu ya Padri, Mtandio wa Binti: Ulaya Inaposema Haina Dini

Mwaka 1905 Bunge la Ufaransa lilikuwa likijadili muswada wa kutenganisha serikali na makanisa. Mbunge mmoja, Charles Chabert, akasimama na pendekezo: mapadri wakatazwe kuvaa kanzu zao barabarani. Kwa maoni yake, kanzu ile ilikuwa kifungo. Ilimtenga padri na raia wenzake na kumfanya mateka wa Kanisa, kwa hiyo kumvua ni kumkomboa.

Aliyemjibu ni Aristide Briand, aliyekuwa akiusimamia muswada huo bungeni. Alisema sheria inayokuja kuleta uhuru itachekwa ikianza kwa kuwapangia watu nguo. Akaongeza kwa kejeli kwamba hata kanzu ikikatazwa, mapadri na mafundi wao wa cherehani wataunganisha akili, na kesho yake watatoka na vazi jipya ambalo si kanzu, ila kila mtu akiliona atajua huyo ni padri. Pendekezo likaanguka.

Miaka 99 baadaye, nchi ileile ilipitisha sheria ya kuwakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi. Sheria haikutaja Uislamu, lakini hakuna aliyeshuku kwamba mjadala ulikuwa juu ya hijabu. Na hoja zilizotumika, kwamba binti anakombolewa na shinikizo la kwao, kwamba kitambaa kinamtenga na wenzake, zilikuwa hoja za Chabert. Briand angeshangaa kuona nani ameshinda mwishowe.

Habari za hijabu Ulaya hutufikia kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa zimekatwa kichwa na mkia. Leo "Ufaransa imepiga marufuku Uislamu", kesho "Uingereza ina meya Mwislamu". Msomaji anabaki hajui Ulaya inawapenda Waislamu au inawachukia. Naona swali hilo limewekwa vibaya. La kuuliza ni hili: dola ikisema haina dini, nani hasa anadaiwa kujitenga na dini, dola au raia? Huko Ulaya jibu limekuwa likihama polepole, na hapo ndipo Waislamu wanapobanwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna masikio yetu katika jambo hili. Mtanzania akisikia "nchi isiyo na dini" anakumbuka ile kauli ya enzi za Mwalimu Nyerere: serikali haina dini, wananchi wana dini zao. Waziri anaapa kwa Msahafu au kwa Biblia, Idd na Krismasi ni sikukuu za wote, na karani wa wizara avae ushungi au asivae, mihuri inagongwa vilevile. Ulaya neno hilo lina maana zaidi ya moja, na ukienda na maana yetu mfukoni utapotea.

Chukua Uingereza. Kwa makaratasi, England ina dini. Mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la England, na maaskofu 26 wana viti katika Bunge la juu kwa cheo chao tu. Ungetarajia nchi ya namna hiyo iwe ngumu kwa Mwislamu. Lakini polisi wa London waliruhusu hijabu kuwa sehemu ya sare tangu 2001, na sensa ya 2021 ilihesabu Waislamu milioni 3.9 katika England na Wales, asilimia 6.5 ya watu wote. Mambo mengi huko huachiwa taasisi yenyewe izungumze na watu wake. Mwaka 2006 kesi ya binti aliyetaka kuvaa jilbabu shuleni ilifika kwa majaji wa juu kabisa, naye akashindwa. Ila shule yenyewe ilikuwa imekwisha kukaa na wazazi na viongozi wa misikiti, ikaweka sare ya shalwar kameez, yaani suruali pana na gauni juu yake, na kuruhusu mtandio. Ugomvi ulikuwa juu ya urefu wa vazi. Haki ya kujifunika haikuwa na mgogoro.

Ujerumani, Austria na Ubelgiji wana njia yao. Dola haina dini, lakini inashirikiana na dini inazozitambua. Ujerumani serikali inayakusanyia makanisa kodi ya waumini wao, na somo la dini limo katika katiba. Ubelgiji iliutambua Uislamu mwaka 1974, na imamu wa msikiti uliosajiliwa anaweza kulipwa na serikali kama padri anavyolipwa. Austria ilitangulia wote kwa sheria ya 1912, kwa sababu ilikuwa imeitwaa Bosnia mwaka 1908 na ikajikuta na raia Waislamu na askari Waislamu. Tatizo la njia hii ni kwamba ili utambuliwe, dola inataka mtu mmoja wa kuzungumza naye, orodha ya waumini na ofisi yenye mhuri. Waislamu hawana papa. Mturuki wa Cologne hamtambui imamu wa Kimoroko kuwa mkubwa wake, wala huyo hamtambui yeye. Mlango upo, ila fremu yake ilipimwa kwa askofu.

Sasa turudi Ufaransa, maana fundo kubwa liko huko.

Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ina vifungu viwili vya mwanzo ambavyo kila mtu anadai kuvijua. Cha kwanza kinasema Jamhuri inahakikisha uhuru wa dhamiri na kulinda uhuru wa kuabudu. Cha pili kinasema haitambui, haiilipi mishahara wala haiipi ruzuku dini yoyote. Huu ndio msingi wa kile Wafaransa wanachokiita laisite. Tazama anayepewa amri hapo: ni Jamhuri. Raia haambiwi chochote kuhusu nguo zake.

Halafu kuna majengo, jambo ambalo husahaulika. Makanisa yaliyojengwa kabla ya 1905 yalibaki mali ya halmashauri za miji, na makanisa makuu ya kiaskofu mali ya serikali, nayo dini ikaachiwa kuyatumia bure. Notre-Dame ilipowaka moto Aprili 2019, mwenye nyumba iliyokuwa ikiungua alikuwa serikali ya Ufaransa. Waislamu wengi waliingia nchini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye viwanda vya magari na migodi. Walikuta mirathi imeshagawanywa. Msikiti ilibidi wajenge kwa mifuko yao, na mifuko ya vibarua inajulikana. Ndiyo maana kwa miongo mingi watu walisali kwenye vyumba vya chini vya maghorofa na mabweni ya wafanyakazi, au wakapokea fedha na maimamu kutoka Algeria, Moroko na Uturuki. Serikali yenyewe ilikuwa na makubaliano na nchi hizo ya kuletewa maimamu, mpaka ilipoufunga utaratibu huo mwanzoni mwa 2024 kwa sababu ya kuhofia mkono wa nje. Mtu umemwambia kwako hali, kisha unamuuliza mbona anakula kwa jirani.

Isitoshe, laisite yenyewe imejaa viraka. Algeria ilipokuwa koloni, sheria ya 1905 ilipelekwa huko kwa amri ya 1907, ila ikawekewa mwanya ulioiwezesha serikali kuendelea kuwalipa maimamu na kuwachagua, maana imamu anayelipwa na gavana ni rahisi kumtuliza. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926, ulipewa faranga 500,000 za umma kwa sheria ya 1920, kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita vya Kwanza. Alsace na Moselle zilikuwa mikononi mwa Wajerumani sheria ilipotungwa, zikarudi Ufaransa na utaratibu wao wa zamani. Mpaka leo padri, mchungaji na rabi wa huko wanapokea mshahara wa serikali.

Kiraka kinachotuhusu zaidi ni Mayotte. Kisiwa hiki cha Komoro, kilichobaki na Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru mwaka 1975, kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu Machi 2011. Wakazi wake karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi'i, na Kishimaore chao Mswahili hukisikia kama sauti ya ndugu aliye chumba cha pili: maneno mengine unayadaka, mengine yanakupita. Sheria ya 1905 haitumiki kule. Kwa muda mrefu makadhi waliamua ndoa, talaka na mirathi kwa Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachojulikana sana pwani yetu. Kazi yao ya uhakimu ilifutwa mwaka 2010, katika kukiandaa kisiwa kuwa mkoa kamili. Mwaka huohuo, upande wa pili wa maji, Kenya ilikuwa ikiziandika mahakama za kadhi katika Kifungu cha 170 cha katiba yake mpya. Lakini kadhi wa Mayotte hakufukuzwa. Alibaki mpatanishi, analipwa na halmashauri ya mkoa, yaani na fedha za Jamhuri isiyolipa dini yoyote. Nasikia watu wakiita huo unafiki. Mimi naona unaonyesha tu kwamba laisite ni mapatano yaliyofanywa mahali na wakati fulani. Wanasiasa wa Paris huizungumzia kana kwamba ilishushwa kutoka mbinguni, jambo ambalo lingekuwa la ajabu kwa laisite kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kuhama kwa jibu kulianza Creil, kaskazini ya Paris, mwaka 1989. Mabinti watatu walikataa kuvua mitandio darasani, wakatolewa shule. Serikali ikaomba maoni ya Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala. Jibu la Novemba mwaka ule lilikuwa jibu la Briand kabisa: alama ya dini kwa mwanafunzi peke yake haipingani na laisite, ilimradi hakuna uchokozi, shinikizo kwa wengine wala vurugu za masomo. Mwalimu ndiye mtumishi wa dola, kwa hiyo mwalimu ndiye asiyeruhusiwa kuonyesha dini. Mwanafunzi ni raia aliyekuja kuhudumiwa.

Machi 2004 Bunge likaupindua mpangilio huo. Sasa mwanafunzi naye anadaiwa. Mwaka 2010 ikaja sheria ya kukataza kuficha uso hadharani, inayotekelezwa tangu Aprili 2011: faini ya hadi yuro 150 kwa avaaye, na kwa anayemlazimisha mwingine, kifungo cha mwaka mmoja na faini ya yuro 30,000. Hapa wajibu umetoka shuleni ukaingia sokoni na kituo cha basi. (Mwaka 2020, wakati wa korona, miji ya Ufaransa iliwataka watu wote wafunike pua na mdomo huku sheria ya nikabu ikiendelea. Kisheria hapana mgongano, sababu za afya zimesamehewa. Ila kicheko hakikuzuilika.) Majira ya joto ya 2016 mameya kadhaa wa pwani walikataza vazi la kuogelea la kujisitiri mwili mzima, na Baraza la Dola likawazuia. Juni 2023 baraza hilohilo likasema shirikisho la soka linaweza kukataza hijabu uwanjani. Kisha, wiki chache baadaye, utabiri wa Briand kuhusu mafundi cherehani ukatimia.

Kwenye shule baadhi ya mabinti walikuwa wakivaa abaya, gauni refu pana. Ni vazi la dini? Maduka ya kawaida ya nguo huuza magauni ya namna hiyo kwa kila mtu. Mwishoni mwa Agosti 2023 waziri wa elimu, Gabriel Attal, akatangaza kwamba hayaruhusiwi, na Septemba Baraza la Dola likakataa kuusimamisha uamuzi huo. Tazama basi mkuu wa shule asubuhi langoni. Gauni refu la binti mmoja ni mtindo, la mwenzake ni dini, na tofauti ataijua kwa kutazama nini? Jina lake? Rangi yake? Dola iliyoapa kutoijua dini ya mtu, na ambayo mara ya mwisho kuuliza dini katika sensa yake ilikuwa 1872, sasa inalazimika kuchunguza nia iliyoshonwa ndani ya pindo.

Siwezi kupita hapa bila kuuweka upande wa pili, na sio kwa adabu tu. Walimu wengi wa Ufaransa, wakiwemo wenye asili ya Afrika Kaskazini, walitetea sheria ya 2004 kwa sababu waliwaona mabinti wasiotaka kujifunika wakisumbuliwa na kaka zao na vijana wa mtaani. Kwao shule ilikuwa mahali pekee ambapo binti angeweza kusema "sheria imenikataza" asigombane na nyumbani. Kisha kuna damu. Oktoba 2020 mwalimu wa historia Samuel Paty aliuawa karibu na shule yake baada ya kuonyesha vibonzo vya Mtume Muhammad darasani katika somo la uhuru wa kujieleza. Oktoba 2023 mwalimu Dominique Bernard aliuawa shuleni huko Arras. Nchi iliyozika walimu wake haizungumzi juu ya dini kwa sauti ya chini. Na kwa Mfaransa wa kawaida, laisite ndiyo iliyomtoa babu yake mikononi mwa paroko aliyekuwa akimwambia ampigie nani kura. Hofu zao zina mizizi. Ninachokataa ni lile daraja linalojengwa haraka kutoka kwa muuaji mpaka kwa msichana wa miaka 14 mwenye mtandio.

Mwislamu asiyeridhika na mahakama za nchi yake anaweza kwenda mbele zaidi, na hapa magrupu ya WhatsApp huchanganya mahakama mbili. Ile ya Luxembourg ni ya Umoja wa Ulaya, na inagusa sana mambo ya ajira. Mwaka 2017 ilisema kampuni inaweza kuwakataza wafanyakazi wanaokutana na wateja kuvaa alama yoyote ya dini, siasa au falsafa, mradi kanuni ihusu wote bila kuchagua. Kwa karatasi ni haki tupu. Ila msalaba mdogo unaingia chini ya shati na kazi inaendelea. Mtandio hauna chini ya kuingia.

Ile ya Strasbourg ni Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, inayosimamia mkataba uliosainiwa Roma mwaka 1950. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kina sehemu mbili. Kuwa na imani, au kuibadilisha, ni haki isiyoguswa kabisa. Kuidhihirisha imani kwa ibada, mavazi na mwenendo, hiyo inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria, kwa ajili ya usalama, afya, utulivu au haki za wengine. Kesi zote za hijabu zinacheza kwenye sehemu ya pili. Na kwa kuwa nchi za Ulaya hazifanani, mahakama huiachia kila nchi nafasi pana ya kujipimia. Nafasi hiyo imefanya mambo ya kushangaza. Mwaka 2001 ilikataa kesi ya mwalimu wa shule ya msingi wa Geneva aliyekuwa amevaa mtandio darasani kwa miaka kadhaa bila mzazi kulalamika. Mtandio ule, ilisema, ni alama yenye nguvu inayoweza kuwaathiri watoto wadogo. Miaka kumi baadaye, mzazi mmoja Italia alilalamikia msalaba uliotundikwa ukutani darasani. Majaji wa Jopo Kuu walisema, 15 dhidi ya 2, kwamba msalaba ukutani ni alama iliyotulia isiyofanya kitu. Ukizipanga hukumu hizi mbili bega kwa bega, inabidi ukubali kwamba mbao iliyowekwa na dola haina sauti, ila kitambaa cha mtu binafsi kinapiga kelele.

Kuhusu nikabu, mwaka 2014 Strasbourg ilikataa hoja za Ufaransa kwamba marufuku ile inahitajika kwa usalama au kwa usawa wa wanawake. Ikakubali hoja moja tu, ya "kuishi pamoja": kwamba uso ni sehemu ya mapatano ya watu wanaokutana barabarani. Majaji wawili walipinga, wakiliona wazo hilo legelege mno kubeba adhabu. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikitazama sheria ileile, ikaamua kwamba Ufaransa imevunja haki za wanawake wawili waliotozwa faini. Ufaransa haikubadilisha kitu.

Si kila mahali wamefuata mkondo huo. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua Januari 2015 kwamba mwalimu hawezi kukatazwa mtandio kwa hofu ya jumla tu, lazima pawe na hatari halisi kwa amani ya shule. Uswisi, kinyume chake, ilikwenda kwa kura ya maoni Novemba 2009, asilimia 57.5 wakaandika katika katiba kwamba minara ya misikiti isijengwe. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na minara minne.

Katika Kiswahili tunasema "kuvumiliana" kidini. Neno hilo huwa halinikai sawa, maana anayevumiliwa ni jino bovu au jua la saa saba. Waislamu niliosoma hoja zao katika kesi hizi hawaombi kuvumiliwa. Wanakishika Kifungu cha 9 wanasema: hiki ni changu pia.

Na mji ule wa Strasbourg, mahali mahakama yenyewe ilipo, uko Alsace. Sheria ya 1905 haitumiki pale. Mwaka 2012 ulifunguliwa hapo msikiti mkubwa kando ya mto Ill, na karibu robo ya gharama ilitoka kwa mji, wilaya na mkoa, kwa utaratibu ambao ukivuka milima ya Vosges kuelekea Paris ni kinyume cha sheria. Ufunguzi ulifanywa na Manuel Valls, waziri wa mambo ya ndani. Miaka minne baadaye, akiwa waziri mkuu, ndiye aliyewatetea wale mameya wa pwani.